Rangi ya Pili ya Yu Warsini

Umepita hapa. Usikatae.

Ulisimamisha pikipiki kwenye kibanda cha kona ununue maji, ukatupa jicho ng'ambo ya barabara, ukaona watu wenye mvi wamekaa mkekani wakinong'ona herufi kama watoto wa chekechea. Ukatabasamu. Kisha ukageuza uso. Pengine ulijiambia ule msemo wa wavivu, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, ukawasha pikipiki ukaenda zako. Miaka na miaka umekuwa ukienda zako.

Leo kaa. Leo utaangalia.

Saa tisa alasiri. Kwenye baraza la iliyokuwa karakana ya batiki ya marehemu Bu Dirjo, kijijini Tegalsoka, chini ya vilima vya chokaa kusini mwa mji wa Klaten, kisiwani Java, Indonesia, Yu Warsini anapuliza mdomo wa kalamu yake ya nta. Ni pumzi moja fupi, kama ya mama anayepoza uji wa mtoto. Nta inatii. Anaishusha kwenye kitambaa kilichoning'inia kwenye fremu ya mianzi, na ua linaanza kutoka, jani baada ya jani.

Hainui macho. Lakini anasikiliza.

Kuizunguka sufuria yake ndogo ya nta, inayotokota taratibu juu ya jiko la mkaa, wamekaa wanafunzi wake. Hakuna aliye chini ya miaka hamsini. Wanawake wawili watatu wanachora nta huku wakisoma. Wanaume wanasoma tu, kwa sababu walishaharibu vitambaa vya kutosha. Mbele yao kuna ubao mmoja mweusi uliopasuka pembeni, umeegemezwa ukutani.

"Soma, Kang," anasema Yu Warsini.

Kang Gimun ni mfyatua matofali, mikono yake mipana kama machepe. Anakohoa. "Nisome au niimbe?"

"Ukiimba tutakimbia," anadakia Mbah Tukinem, bibi muuza dawa za mizizi, bila kuacha kuchora.

Watu wanacheka, Gimun naye anacheka. Ubaoni kuna mstari mmoja wa wimbo wa harusi. Gimun amekuwa akiimba kwenye harusi za tarafa hii tangu ana nywele nyeusi, na nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Siku hizi, anaeleza, wameleta televisheni. Maneno ya nyimbo mpya yanapita chini ya kioo, anapewa kipaza sauti mbele ya wakwe wa watu, na ule mstari unakimbia kama mwizi. "Nikasema huyu mwizi nitamkamata kabla sijafa," anasema. Ndiyo maana alikuja kujifunza kusoma.

Wewe ungemwandalia sababu bora zaidi. Ungemwambia asome aelewe maelezo ya mbolea. Yu Warsini hakumwandalia chochote. Alimuuliza tu anataka nini, akaandika wimbo.

Gimun anausoma mstari kwa kidole. Anafika katikati, anasita. Baraza zima linasita pamoja naye. Yu Warsini ameruka herufi moja. Kila mtu ameiona. Mmoja anainamia kikombe chake cha chai, mwingine anajikuna goti. Kwetu sisi, kumwambia aliyeshika chaki kwamba amekosea ni kama kumwambia mwenyeji wako wali haujaiva.

Yu Warsini anaendelea na ua lake. Anachovya kalamu, anapuliza, anachora. Hana haraka.

Mwishowe Mbah Tukinem anasafisha koo. "Samahani, Yu. Labda ni macho yangu ya uzee. Lile neno la pale naliona kama lina pengo."

"Pengo wapi, Mbah?"

"Pale katikati. Kama mdomo wa Gimun."

"Basi njoo ulizibe."

Bibi anajiinua kwa kushika bega la jirani, anakwenda ubaoni, anaweka herufi. Inasimama imeinama kidogo, lakini ni yenyewe. Anarudi mkekani na uso wa mtu aliyetoka kuozesha mjukuu.

Yu Warsini alikosea makusudi. Hufanya hivyo kila siku. Na chanzo chake ni tone moja la nta lililodondoka kwenye baraza hili hili mwaka 1978.

Mwaka ule Warsini alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mchora nta wa Bu Dirjo. Waliokuwapo wanakumbuka. Barabara ilikuwa vumbi jekundu. Alasiri ikiingia, baiskeli zilikuwa zikijaa ukutani pale mpaka mtu akitaka yake azipangue zote. Kila kitongoji kilikuwa na kikundi chake cha kisomo. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, nywele bado zina maji ya kuoga, na harufu ya nta ikachanganyika na asumini mpaka hujui ipi ni ipi. Ukisimama kwenye daraja la mfereji jioni zile ungesikia vijiji vitatu vikisoma kwa pamoja, huku vyura wakiwajibu kutoka kwenye mpunga.

Nani leo anasimama darajani? Na akisimama, anasikia nini?

Serikali ilimleta mwalimu kijana, Pak Suroto, shati jeupe, viatu vya kuazima. Alikuwa mwema. Alifundisha kwa moyo wote, na kila alipomaliza aliuliza kama wameelewa. Nao wakamjibu wote kwa pamoja, "Inggih, Pak Guru." Ndiyo, mwalimu. Ilikuwa ndiyo tamu, ya adabu, iliyonyooka kama mstari wa miche.

Hawakuwa wameelewa hata kidogo.

"Tulimhurumia," anasema Yu Warsini. "Kijana wa watu ametoka mbali, anatoka jasho. Useme hujaelewa? Utakuwa umemwambia kazi yake ni bure. Mama yangu alikuwa akimletea mihogo ya kupondwa ili asikonde kwa ajili yetu."

Basi wakakihifadhi kitabu cha kwanza chote kichwani, kama wanavyohifadhi dua za kisomo cha maiti. Walikighani vizuri hasa, na sauti zikipanda na kushuka. Siku moja Pak Suroto alichukua kitabu cha mama mmoja afute nta iliyokirukia, akamrudishia juu chini bila kujua. Mama akaendelea kusoma. Kidole kikaenda mstari kwa mstari, kwa heshima zote, juu ya herufi zilizosimama kwa vichwa vyao.

Pak Suroto aliona. Yu Warsini anasema alibadilika rangi akawa kama majivu. Aliuliza tena, taratibu, kama wameelewa. Wakasema ndiyo.

Hakugomba. Alikaa chini, na labda kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akaomba aonyeshwe kushika kalamu ya nta. Wakampa. Hakujua kwamba lazima upulize mdomo wake kwanza. Tone likaanguka, zito, jeusi, katikati ya kitambaa cha Mbok Karsi, mkono bora kuliko yote wa karakana ile, kitambaa alichokihangaikia msimu mzima.

Kisha Mbok Karsi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Wakacheka wote. Wakamsogezea Pak Suroto kipande cha chuma kilichopashwa moto na maji kidogo, wakamwelekeza jinsi tone linavyotolewa, mmoja akimshika kiwiko, mwingine akimkemea kama mwanawe. Na alipofanikiwa kulitoa, likabaki doa dogo tu, Mbok Karsi akamwambia hivi, na Yu Warsini anayarudia kama mtu anayerudia wasia:

"Haya, mwanangu. Na mimi kile kitabu chako sijakielewa tangu ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo siku tuliyoanza kusoma," anasema Yu Warsini. "Zile siku zote za nyuma tulikuwa tunamfurahisha mgeni."

Tangu siku ile Pak Suroto alikuwa akija mapema achore nta kabla ya somo, vibaya, mbele ya wote. Alihamishwa baada ya miaka michache, kama wanavyohamishwa wema wote. Aliondoka na kitambaa alichokichora mwenyewe, maua yamepinda kama yamepigwa na upepo, na wanawake walimsindikiza hadi darajani. Kisomo akamwachia Warsini ashike kwa muda.

Kwa muda! Ameshika hadi leo. Karakana imekufa, imeuawa na batiki ya mashine inayochapwa kama magazeti. Bu Dirjo amekufa. Mbok Karsi amekufa. Posho ya wakufunzi ilikatwa mwaka ule wa msukosuko wa fedha na haikurudi, na waliokuja kutuahidi ingerudi tunawakumbuka kwa majina na kwa mashati. Yu Warsini anaishi kwa kitambaa. Batiki moja ya mkono humla wiki tatu, na mnunuzi akiwa na utu humpa rupia laki nne. Alasiri zake huwa hauzi. Alasiri ni za baraza.

Hataki kuitwa mwalimu. Wadogo humwita Mbah, bibi, wenziwe humwita Yu, dada mkubwa, basi. "Ukiniita mwalimu utaogopa kunikosoa," anasema. "Usiponikosoa hujajifunza kitu. Umenisalimia tu."

Wapo watu wameandika vitabu vinene kuhusu jinsi mtu mzima anavyojifunza. Mmoja wa waliovisoma ni Mbak Ratri, binti anayefanya kazi kwenye ofisi ya kisomo mjini, ambaye amekuwa akija kukaa mkekani siku zake za mapumziko. Anasema yote aliyofundishwa chuoni yapo hapa: kwamba mtu mzima haji mtupu bali anakuja na maisha yake, kwamba anataka kujiamulia, kwamba hujifunza pale maisha yanapombana na si pale ratiba inapofika. "Haya niliyafanyia mtihani nikafaulu," anasema. "Lakini sikuwahi kuyaona yamekaa yanakunywa chai."

Yu Warsini alimsikiliza akapenda. Alimwomba arudie lile la maisha. Kisha akatoa lake, ambalo ni la kazi yake.

"Mtoto ni kitambaa cheupe," anasema. "Unachora, unachovya, kwisha. Mtu mzima amefika kwangu ameshachovywa. Dunia imemtia kwenye pipa la nila, ile rangi ya buluu, mpaka amekolea. Kuna wanaotaka kumchemsha kwanza arudi mweupe ndipo waanze. Atachanika, na mweupe hatakuwa."

Na yeye hufanyaje?

"Mimi namuuliza: katika rangi yako hiyo, ipi unaipenda? Anayoipenda tunaifunika nta isiguswe. Kisha tunachovya ya pili. Kahawia juu ya buluu inatoa ile nyeusi ya batiki za bibi zetu. Nyeusi hiyo haimo kwenye pipa lolote, huwezi kwenda kuinunua. Huipati mpaka kitambaa kiwe kimeshapita kwenye nila."

Mtazame Mbah Tukinem. Amebeba kapu la dawa za mizizi mgongoni tangu ujana, anajua homa ipi hutaka nini na mwanamke aliyejifungua hunywa kipi siku ipi. Yu Warsini hakumwanzishia kwenye kitabu. Alimwambia atoe mizizi yote kapuni, aipange sakafuni, na chini ya kila mmoja akaandika jina lake kwa chaki. Neno la kwanza Mbah kusoma maishani mwake lilikuwa tangawizi. Wanasema alilisoma, akainama akanusa sakafu kuhakikisha.

Sasa sikia balaa lenyewe.

Baraza hili lilibaki mali ya kijiji baada ya Bu Dirjo kufa. Mkuu wa kijiji, Pak Lurah Wiyono, anataka kulifanya mahali pa wageni kunywa kahawa na kupiga picha, na miavuli ya rangi juu, na fremu moja ya batiki ya kushikilia mbele ya kamera. Wanafunzi wameelekezwa wajifunze kwenye simu. Kuna video. Unaangalia, unabonyeza, unapata cheti. Video ni nzuri, Mbak Ratri ameziona. Ila video haidondoshi tone. Huwezi kuiambia ina pengo.

Pak Lurah si mtu mbaya, na hili ndilo linalokera zaidi. Mama yake, Sarmi, alijifunza kusoma hapa hapa. Wiyono mwenyewe alikuwa akilala kwenye mapaja yake huku yeye akisoma, shavu limetapakaa uji. Yu Warsini alimfuta kamasi mara nyingi.

Aliita mkutano wa kijiji mwezi uliopita. Alialika wageni kutoka wilayani. Palikuwa na chai nzito ya sukari, na wali wa kunata uliofungwa majani ya migomba, wenye nyama ndani, si ile ya kubahatisha. Alieleza mradi wake kirefu kwa lugha ya heshima kuu, akimwita kila mzee kwa cheo chake. Alipomaliza, aliuliza kama wananchi wanaafiki.

Wakasema ndiyo.

Wote. Mbah Tukinem alisema ndiyo, na wali mkononi. Kang Gimun alisema ndiyo kwa ile sauti yake ya harusini. Na Yu Warsini, ambaye nusu ya maisha yake amefundisha watu wasiseme ndiyo wasiyoijua, alisema ndiyo.

"Ningefanyaje?" anauliza, na kwa mara ya kwanza kalamu imesimama hewani. "Mtoto wa Sarmi amesimama mbele ya wageni wake, amevaa shati lake jipya. Nimekula chakula chake. Niinuke nimkatalie? Ningekuwa nimemvua nguo hadharani."

Usicheke. Na wewe ungesema ndiyo. Hivyo ndivyo tulivyopoteza chemchemi ya kule juu, hivyo ndivyo ilivyopita barabara ya malori katikati ya mpunga. Hakuna aliyetupora. Tulikaribishwa chai tukaitikia.

Walirudi barazani siku ile wakakaa kuizunguka sufuria ya nta iliyopoa. Kisha Gimun akauliza, "Jamani, hivi tumekubali nini?"

Mradi hautiwi muhuri hadi mkutano wa pili, ambao ni Jumanne ijayo, ile inayoangukia siku ya Wage katika juma la Kijava la siku tano. Ndipo penye mlango. Watu walimwambia Yu Warsini asimame aseme, wao watamuunga mkono. Alikataa. Alisema akisema yeye, wataitikia ndiyo nyuma yake vile vile walivyomwitikia Lurah, na somo litakuwa limepotea hata kama baraza limepona.

Kwa hiyo wiki hizi mbili darasa limekuwa likijifunza neno moja. Si neno gumu. Neno lenyewe ni "bado".

Kila alasiri, nyimbo na mizizi vikishasomwa, Kang Gimun hubandika kofia nyeusi kichwani, hukunja mikono tumboni, na kuwa Lurah. Huwasifu wazee mpaka wanaona haya. Huwaletea chai halisi, kwa sababu Yu Warsini alisema bila chai si mtihani. Kisha huuliza kama wanaafiki, na kila mmoja kwa zamu hutakiwa kujibu, "Samahani, Pak Lurah, bado."

Siku ya kwanza wote walishindwa. Mmoja alisema, "Samahani, ndiyo." Mwingine alisema bado, kisha akaona Gimun ameinamisha kichwa kwa huzuni, akarudisha kauli. Mbah Tukinem alifanikiwa siku ya tatu. Alisema bado, akamwomba Gimun radhi mara tatu, na kabla ya kwenda nyumbani akamfungia tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa, apeleke kwa wanawe.

"Mbah, mimi si Lurah," Gimun alimwambia.

"Najua. Lakini uliumia usoni."

Yu Warsini hakuwakaripia. Alichora nta yake. Mbak Ratri alipomuuliza kama kweli neno moja linahitaji siku zote hizo, alimjibu kwamba kusoma ni rangi ya pili, lakini ile ndiyo ya adabu ndiyo nila yenyewe, imeingia tangu tumboni mwa mama. "Na sitaki kuichemsha," alisema. "Adabu yetu naipenda. Nataka ifunikwe nta ibaki. Nataka tu watie na bado juu yake, waone itatoka rangi gani."

Juzi ikatoka.

Alasiri ilikuwa imepoa, mvua imepita. Gimun alikuwa ndiyo kwanza anabandika kofia yake pikipiki iliposimama, akashuka Pak Lurah Wiyono mwenyewe. Gimun aliivua kofia akaikalia. Pak Lurah alivua viatu, akapanda barazani, akaketi mkekani kama anavyoketi mtoto wa nyumba ile. Alipewa chai. Alinywa. Alitazama ubao uliopasuka, akasema ule ufa ulikuwapo tangu yeye mdogo. Alisema alikuwa akilala hapa akisikia wimbo wa herufi, na akiamka anakuta wameshafika mwisho, kwa hiyo kwa miaka mingi hakujua zinaanzia wapi. Watu wakacheka kwa upole. Yu Warsini akamwongezea sukari, bado anakumbuka vijiko vyake.

Kisha, kama mtu anayefuta midomo tu, akasema, "Basi, wazee wangu. Ya Jumanne tumeshaelewana, eti?"

Yu Warsini aliinamisha macho kwenye kitambaa. Hakupuliza kalamu. Tone la nta likakua kwenye mdomo wake, likaanguka katikati ya ua. Wanafunzi wote waliliona. Hakuna anayejua kama lilikuwa la makusudi, na akiulizwa yeye husema mkono wa mzee hutetemeka.

Mbah Tukinem akaweka kikombe chini.

"Samahani, Pak Lurah," alisema. "Bado."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba dawa haijachemka. Kisha, kwa mara ya kwanza, hakufuatisha radhi yoyote. Neno lake likakaa pale mkekani kati yao.

"Bado, Pak," akasema Gimun, kutoka juu ya kofia yake.

"Bado," akasema mwingine, na mwingine, hadi mduara ukafungika.

Pak Lurah aliwatazama mmoja mmoja. Alitazama lile tone kwenye kitambaa. Shingo yake ilikuwa nyekundu, na macho yake, anasema Mbah Tukinem, yalikuwa ya yule mtoto wa Sarmi. Akaimaliza chai yake hadi majani. Akainuka, akavaa viatu. Alipofika kwenye ngazi akageuka, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akasema:

"Inggih."

Ndiyo. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Sasa niambie wewe uliyesoma. Hiyo ni ndiyo ipi? Ni ya mtu aliyeelewa, au ya mtu aliyekunywa chai ya watu akaona haya kuwakatalia? Barazani wamegawanyika. Gimun anaapa wameshinda, ameanza hata kutafuta wimbo wa kusherehekea. Mbah Tukinem anatikisa kichwa. Anasema ndiyo kama ile anaijua, aliwahi kuisema yeye mwenyewe, na wali mkononi.

Yu Warsini ana mpango. Anataka Jumanne watu wasiwe hawa wachache wa mduara tu, ambao wilayani watawaita vikongwe wa kisomo. Anataka waje wote ambao mkono wa baraza hili uliwagusa, wakae, wanywe chai ya Lurah kwa adabu, wale wali wake, na ukifika wakati wa kuitika, waitike ukweli. Anasema baraza likipona, Jumatano wataanza wimbo mpya wa Gimun, ule wenye ubeti mrefu. Lisipopona, atahamishia sufuria yake chini ya upenu wa jikoni kwake, ambapo wanaenea watu watatu. Tone la juzi ameshalitoa kwa chuma cha moto. Limebaki doa. Anasema ataliacha.

Unadhani hayakuhusu. Kumbuka barua uliyopata ukiwa Jakarta kijana, mwaka ule wa kwanza, ulipolia peke yako kwenye chumba cha kupanga. Herufi zake zilikuwa zimeinama kama mpunga baada ya mvua. Mama yako alijifunzia wapi kuziandika? Alitoka shambani, akaoga, akaja akaketi kwenye mkeka huu, akaona haya mbele ya majirani, akasema hajaelewa, akaelewa. Na wewe ukipita hapa unageuza uso.

Jumanne ya Wage, baada ya sala ya alasiri, ukumbi wa kijiji, Tegalsoka. Omba ruhusa kazini leo. Mpigie ndugu yako aliye Solo, mpigie na yule wa Semarang, waambie wapande basi. Usitume salamu za pole, usituwekee alama ya kidole gumba kwenye simu. Njoo na mwili wako. Na kwa kuwa adabu uliyolelewa nayo ni ile ile na chai itakuwa tamu, usingoje Jumanne ndipo ujaribu. Anza sasa hivi, hapo ulipoketi, kwa sauti ya kusikika na jirani:

Bado.